Kwenda Kuposa kwa Kiingereza

Tangu nirudi sijanywa chai yangu kwa amani. Kila nikikaa kwenye chumba cha walimu kuna mtu anavuta kiti: eti ni kweli ulisimama ukaondoka? Eti baba mkwe ndiye aliyewarudisha? Kila mmoja amesikia kipande, na vipande vingine nimevisikia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza pale sokoni Bunia. Basi naandika yote hapa kwa kufuata njia, na anayetaka kucheka acheke mara moja amalize. Habari za pasi na mihuri naziacha, hazijawahi kumfurahisha mtu.

Chanzo ni mdogo wangu Kasereka, fundi wa injini. Alimpenda Robina, msichana wa Uganda aliyekimbilia kwa shangazi yake hapa Bunia wakati wa vita vya kwao, kisha akasomea uuguzi Nyankunde. Walipendana kwa Kiswahili, maana Kasereka hajui lugha ya kwao na Robina hajui yetu. Vita vilipotulia, Robina na shangazi yake walirudi kwao kuandaa siku ya kuposwa, lakini kabla ya kuondoka Robina alitupa sharti moja. Uani kwa baba yake tusitamke neno la Kiswahili.

Alitueleza kwa nini, akiwa ameinama. Kule kwao Kiswahili ni lugha ya askari. Siku moja askari waliingia nyumbani, wakamkalisha baba yake kwenye matope mbele ya watoto wake, na yote waliyomwamuru waliyasema kwa Kiswahili. Tangu hapo mzee alisema mwanawe ataolewa na yeyote, ila si mtu atakayemsemesha kwa lugha ile. Alipopata habari za Kasereka alikubali kutuona tu. Kutuona, si kutukubali.

Ndipo baba mdogo Katembo, ambaye ni shemasi na ndiye aliyebaki mahali pa marehemu baba yetu, akaniita.

"Paluku, weye njo unajua Kingereza. Weye njo utakuwa kinywa yetu."

Yaani mimi ndiye msemaji wa posa. Sikukataa. Nafundisha Kiingereza, ningekataaje? Lakini mjue nilikipata wapi. Nilifundishwa na bibi mmisionari wa Kimarekani, mpole sana, aliyekuwa akiinua kadi zenye picha. Huyu ni ng'ombe. Je, huyu ni ng'ombe? Ndiyo, huyu ni ng'ombe. Baada ya kadi tulisoma Injili. Katika Kiingereza changu sentensi ilikuwa kweli au haikuwa kweli, na sikumbuki hata mara moja mtu kunitania kwa lugha hiyo. Kasereka aliponiambia kwamba Robina amesema "kutakuwa na maswali", nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa mdomo.

Bunia hadi Komanda

Tulipanda kamiyo, lori la mizigo lililobeba maharagwe, sisi watatu juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Tulipofika Irumu dereva alikumbuka kwamba ana wakwe pale. Alisimamisha gari akaenda kusalimia, na wakwe, kama wakwe wote wenye adabu, wakamchinjia kuku. Tulimngoja hadi kuku akaiva na akaliwa. Baba mdogo alikasirika, halafu wakatuletea na sisi fufu na mboga ya sombe, hasira ikaisha.

Nilitumia muda ule kukariri majibu yangu kwa sauti ya chini. Jina langu ni Paluku. Mimi ni mwalimu. Mdogo wangu hanywi pombe. Mama mmoja muuza samaki wakavu alinitazama, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Huyu anasali na luga gani?"

"Ile iko Kingereza."

"Inafanana mutu anasikia baridi," alisema mama, akanifunika na kitenge chake. Nikashukuru, nikaendelea kukariri chini ya kitenge.

Komanda hadi Beni

Ile barabara ya msituni mnaijua wenyewe. Mbele ya kijiji cha Luna tulikuta magari yamepanga foleni nyuma ya kamiyo iliyozama mpaka milango. Watu walikuwa wamekwisha kujenga vibanda, wanawake wakiuza ndizi za makemba za kuchoma na nyama ya pori, na pembeni pastori mmoja akiendesha ibada kwa waliokwama. Tulilala pale, tukaamka pale, tukachimba na kusukuma.

Katika foleni hiyo alikuwamo dereva Mganda aliyekuja kuchukua mbao. Kiatu changu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye tope, nami nimesimama kwa mguu mmoja nikitafuta fimbo ya kukitolea. Akapita, akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimefanya vizuri. Nikamjibu kwa ukweli kwamba bado sijafanya chochote. Akatazama mguu wangu akasema anasikitika. Nikamwambia asisikitike, si kosa lake. Alinitazama kama mgonjwa, akaondoka zake.

Nilimtafsiria Kasereka maneno yale, nikamwambia kwamba Kiingereza cha mtu yule kina makosa. Mwalimu hata akizama tope hadi magoti haachi kusahihisha. Kasereka, aliyekuwa chini ya gari akifunga mnyororo, alicheka.

"Si alikupa pole tu? Hata siye tunasema pole."

Ni kweli. Kama angeniambia "pole kwa kazi" kwa Kiswahili ningeitikia bila kufikiri. Nililiona hilo, nikaliacha palepale pamoja na soksi yangu. Laiti ningelichukua.

Kasindi, na kuhamia kushoto

Beni tulipumzika kwa jamaa, tukanywa kahawa ya kwetu yenye uchungu mzuri, kisha tukashuka Kasindi. Pale mpaka ni mto mdogo tu. Babu zetu walikuwa wakiuvuka kwenda kuchukua chumvi Katwe, wakirudi na mizigo kichwani bila kumuaga mtu. Halafu Wabelgiji wakasimama upande huu na Waingereza upande ule, na mto ukawa mpaka. Ng'ambo ya pili tulipokelewa na afisa wa mpaka, Mkonjo aliyesema lugha yetu ileile ya nyumbani, na ambaye baba mdogo, baada ya kutaja majina ya mababu, alimgundua kuwa ndugu yake kwa upande wa bibi.

Walikumbatiana. Kisha ndugu yule akarudi nyuma ya meza yake, akabadilisha sauti, akatuuliza kwa Kiingereza tumebeba nini. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote ofisi ni Kifaransa, akamjibu "bonzuru".  Dakika moja kabla walikuwa wakiulizana habari za shamba.

Huko mkate ni wa mraba na laini, chai imepikwa na maziwa, na magari yanapita kushoto. Hilo la mwisho nilikuwa nimelifundisha darasani, lakini kulifundisha ni kitu kingine. Kila lori lilipotujia, baba mdogo alishika bega langu na kuanza zaburi, na zaburi hiyo haikuisha hadi Kasese.

Fort Portal

Mvua ilitukuta Fort Portal, na basi halikuja. Tuliingia kwenye mkahawa mdogo. Nilikuwa nimechoka na njaa imenishika, na mdomo ukatangulia: "Mama, kuko chakula?"

Mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyekuwa akicheka na wateja, alikatisha kicheko. Wateja wakainamia sahani zao. Alileta sahani tatu bila kuniangalia usoni, akaziweka mbali kidogo na mikono yetu, akarudi nyuma ya mlango wa jiko akasubiri. Nilikuwa sijawahi kuogopwa na mtu. Iliniumiza, wala sioni haya kusema hivyo.

Nikamwita tena kwa Kiingereza, nikamwambia sisi ni wageni kutoka Zaire na tunakwenda kuposa. Niliona mabega yake yakishuka. Alikuja, akatupa pole ya safari kwa Kiingereza, na safari hii niliipokea. Akatuongezea mchuzi wa karanga juu ya matoke, na akataka kumjua bwana arusi ni yupi.

Baba mdogo alikuwa ameona yote. Tulipotoka alisimama njiani.

"Mimi nahubiri na Kiswahili. Nilimuposa mama ya batoto yangu na Kiswahili. Iko na kosa gani?"

"Haina kosa, baba mudogo. Ni batu benye balikileta huku njo bako na kosa."

"Basi nitafunga kinywa," alisema. Na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sadaka kubwa. Kasereka hakula vizuri tangu hapo. Kabla ya mkahawa ule sharti la Robina lilikuwa maneno tu, sasa aliliona linavyofanya kazi, na alijua kwamba baba mdogo akijisahau mara moja, safari yote imekwisha.

Uani kwa Salongo

Kwao Robina ni karibu na Mityana, kati ya migomba na mibuni. Baba yake wote humwita Salongo, maana yake baba wa mapacha. Tulipofika njia panda, shangazi yake Robina alitungoja na furushi. Sisi tulikuwa tumevaa suti zetu za abakosti zilizopigwa pasi, shingo wazi bila tai, kama inavyotakiwa kwetu. Shangazi alitikisa kichwa, akafungua furushi, akatoa kanzu tatu.

Baba mdogo alirudi nyuma. "Siye hatukuja kusilimu," alinong'ona.

"Baba, hapa hata askofu anavaa," shangazi alinong'ona naye. "Vaeni, koti juu. Na ile luga iishe hapahapa njiani."

Tukavaa. Ya baba mdogo ilimwishia kwenye magoti. Tukaingizwa uani, tukakalishwa upande mmoja, na ukoo mzima ukakaa upande wa pili, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti. Salongo alikaa katikati ya watu wake, mrefu, mikono juu ya magoti. Siku hiyo baba wa binti hasemi, kila upande una msemaji wake. Msemaji wao alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mwembamba, mwenye miwani. Kwa heshima yetu walikubaliana yote yasemwe kwa Kiingereza.

Karani alisimama akaweka miwani sawa. Maneno yake nayaweka kwa Kiswahili.

"Mabwana, ukoo huu uko katika kikao chake cha faragha. Tunaona watu wamekalia viti vyetu. Ninyi ni nani?"

Swali la kwanza nililijua. Nikasimama. "Jina langu ni Paluku. Mimi ni mwalimu. Tumetoka Bunia."

"Bunia siijui. Mabasi mengi hupotea njia hii. Bila shaka mnakwenda hospitali. Iko huko mbele."

"Hapana, bwana. Tumekuja kumposa Robina."

Karani aliwageukia watu wake taratibu. "Ndugu zangu, hapa kuna mtu anayeitwa Robina?" Wakatikisa vichwa, wazee kwa vijana. "Mmesikia wenyewe. Binti tuliyekuwa naye alikwisha kuolewa zamani na mtu mwenye hadhi. Tunasikitika mmetoka mbali bure. Njia mliyojia mnaifahamu."

Alikaa. Uso wake haukucheza hata kidogo.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kadi. Huyu ni ng'ombe, ndiyo, huyu ni ng'ombe. Moyo wangu ulianguka. Nilijua kwamba Salongo amepata habari za mkahawa, au shangazi amesikika njiani, na kwamba hii ni namna ya watu waliolelewa na Waingereza ya kumfukuza mgeni bila kupandisha sauti. Nilimshukuru karani kwa muda wake, nikaomba radhi kwa usumbufu kama bibi mmisionari alivyonifunza, nikainama kwa baba mdogo. Sikumtafsiria maneno. Nilimpa hukumu tu.

"Bamekatala. Tuende."

Kasereka alinivuta koti. Na baba mdogo, aliyekuwa amefunga kinywa tangu Fort Portal, akasimama na kanzu yake fupi akasema kwa sauti ya madhabahuni:

"Kama bamekatala, tuende. Mutoto ya mutu habebwi kwa nguvu. Kasereka, simama. Mungu atakupa mwingine."

Ua wote uliganda. Mwanamke mmoja kwenye mkeka alimvuta mtoto wake kifuani. Kutoka ndani ya nyumba nilisikia mtu akilia, na Kasereka aliisikia sauti hiyo zaidi yangu. Nilijua ni sisi tumeharibu, si wao.

Salongo akasimama. Hakuna aliyemzuia, ingawa haikuwa siku yake ya kusema. Alivuka ua ule mtupu hatua kwa hatua hadi mbele ya baba mdogo.  Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Kaa chini."

Baba mdogo hakuelewa kama ameamriwa au ameombwa. Salongo akazunguka, akashika kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakisogeza nyuma ya magoti ya mgeni.

"Kaa chini," alisema tena.

Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja. Baadaye ndiye aliyenieleza kwamba hayo ndiyo maneno aliyoambiwa mzee siku ile kwenye matope, na kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuyatamka uani pale. Mzee alitaka kumzuia mgeni asiyejua Kiingereza asiondoke, akatafuta kichwani mwake neno la Kiswahili, na hilo ndilo pekee alilokuwa nalo.

Baba mdogo alikaa. "Aksanti, muzee," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Ndipo Salongo akanigeukia mimi kwa Kiingereza. "Mwalimu, kwenu mtu akija kuposa mnamkabidhi msichana palepale langoni?"

 Nikaanza, kwa kuchelewa, kumtafsiria baba mdogo yote neno kwa neno: kikao cha faragha, basi lililopotea, hospitali, binti aliyekwisha kuolewa. Kabla sijafika nusu alianza kucheka, akacheka mpaka kanzu ikapanda juu ya magoti.

"Paluku, hii yote hata siye tunasema! Wakati tulienda kuposa mama yako, baliniambia siye tunatafuta kisima, ati kisima iko chini kule. Ingekuwa na Kiswahili, ungejua."

Ningejua, ndiyo. Kwa Kiswahili ningeutambua ule utani kabla karani hajamaliza kuweka miwani yake. Shangazi akawatafsiria wenzake maneno ya baba mdogo, na kicheko kikahamia upande wa pili. Karani alivua miwani akaifuta, akasimama upya na uso wake uleule wa mahakama.

"Narudia. Ninyi ni nani, na kwa nini bado mmekalia viti vyetu?"

Safari hii niliacha majibu yangu yote ya mtihani. "Bwana," nilisema, "ni kweli basi letu limepotea, na limezimika mbele ya lango lako. Lakini fundi wetu huyu anasema halitawaka mpaka apewe maji kwa mkono wa binti wa nyumba hii. Amejaribu ya mabinti wengine njia nzima, injini imeyatema."

Walipiga makofi. Bibi mmoja alianguka upande kwenye mkeka kwa kucheka. Karani alijaribu kutuuzia binti wa jirani, nikamkataa kwa adabu. Akaniambia maji ya nyumba hii ni ya moto sana, nikamjibu kwamba fundi wetu amezoea kuungua. Tuliendelea hivyo mpaka jua likageuka, na mimi, niliyefundisha Kiingereza miaka yote, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kukifurahia. Mwishoni Robina akatoka na bakuli la maji, macho mekundu, akapiga magoti mbele ya Kasereka, naye akayanywa yote bila kupumua.

Tulikula kuku waliopikwa ndani ya majani ya mgomba. Salongo aliketi karibu nami akaniuliza ni nani aliyenifundisha Kiingereza. Nikamweleza habari za kadi.

"Kwetu kilikuja na mkuu wa wilaya," alisema. "Tulichapwa kwa Kiingereza, tukatozwa kodi kwa Kiingereza, karani yule amesikia watu wakifungwa kwa Kiingereza. Siku walipoondoka tukakuta kimebaki nyumbani. Tukaanza kukitumia kwa mambo yetu. Wewe bado unakitendea kama mgeni."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi. Sioni aibu kwa Kiingereza changu, wala sikioni tena cha yule dereva wa mbao kuwa na makosa.

Kurudi

Harusi ya kanisani itakuwa hapa Bunia, kiangazi, barabara ikikauka. Asubuhi ya kuondoka Salongo alitusindikiza hadi kituo cha basi, baba mdogo kushoto kwake, mimi katikati nikitafsiri. Walikuwa wakizungumza habari za migomba. Basi lilipowasha injini mzee akasimama, na nikaona kwamba kuna swali alilokuwa akilibeba tangu jana.

"Muulize baba yako mdogo," alisema. "Nikija kwenu kwenye harusi, askari wa njiani watanisemesha kwa Kiswahili?"

Nilitafsiri. Baba mdogo alishangaa kabisa.

"Kiswahili? Hapana, muzee. Kwetu askari anasema Lingala."

Salongo alinifanya nirudie mara mbili ili awe na hakika. "Kwa hiyo kwenu lugha ya kuogopwa ni nyingine."

"Iko ingine," alisema baba mdogo. "Kiswahili iko ya soko, na ya kanisa. Batoto banacheza nayo. Utaisikia asubui mpaka utachoka."

 Salongo akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akashika mkono wa baba mdogo kwa mikono yake yote miwili.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Nataka nikisikie mpaka nichoke."